Magugu ya Kihamba

Mgeni apandaye kutoka mji wa Moshi kuelekea Kibosho, Kilema au Marangu, akakitazama kihamba cha Mchagga, yaani shamba la nyumbani kwake, kwa mara ya kwanza, aghalabu hudhani ameona msitu uliosahauliwa na mwenyewe: migomba imesongamana, mibuni imejificha chini yake, miringaringa na miruka imetanda juu ya vyote, na kila penye nafasi ardhini pameota majani ambayo mkulima wa nchi tambarare angeyaita magugu bila kusita. Dhana hiyo ni batili, na historia ya palizi katika mlima Kilimanjaro yatosha kuibatilisha.

Kwa kuwa watu walikuwa wengi na malisho haba, ng'ombe wengi wa Wachagga hawakuchungwa. Tangu zama za nyumba za msonge, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja, mnyama alifungwa ndani akaletewa chakula, na kupalilia na kulisha kukawa amali moja. Mwanamke aliyeinama na mundu wake alisafisha shina la mgomba na papo hapo akavuna karamu ya ng'ombe, na samadi ya ng'ombe huyo ikarejeshwa shinani. Kishona nguo, mathalani, huliwa na mnyama kikiwa kichanga. Na kikikatwa kabla ya kuzaa zile mbegu zishikazo nguo za wapita njia, magugu ya msimu ujao yamekwisha kupunguzwa. Kivuli nacho kilisaidia, kwani magugu mengi yapendayo jua hudhoofika chini ya migomba. Sangari peke yake haikuwa na suluhu na mtu: hutambaa chini ya udongo, na jembe likiikatakata, kila kipande huchipua upya, hata ikalazimu kuing'oa yote na kuianika juani mpaka ikauke kabisa.

Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema, na baada ya Vita Kuu ya kwanza Charles Dundas, mtawala wa wilaya ya Moshi, akawahimiza wenyeji waipande, hata mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, ambacho mwaka 1933 kilifuatwa na chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa ilikuja na fikra nyingine ya usafi. Katika mashamba ya walowezi mibuni ilisimama kwa safu, na ardhi iliyopaliliwa mpaka ikawa tupu ilihesabiwa kuwa dalili ya bidii, ilhali katika miteremko ya mlima udongo ulio uchi ni zawadi kwa mvua ya masika. Kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu mwaka 1934. Na shauri la kufunika udongo kwa majani makavu, ili unyevu ubaki na magugu yasipate mwanga, lilipokuja kuenezwa na wataalamu, halikuwa geni kwa mtu aliyezoea kuacha majani ya migomba yaanguke na kuozea pale pale.

Sifa za ushirika wa kahawa zimeandikwa sana, na kwa haki. Lakini maadamu kihamba hurithiwa na wana wa kiume, majina yaliyoandikwa katika daftari za chama yalikuwa aghalabu ya wanaume, na mikono iliyokata majani haikuandikwa popote. Mikono hiyo haikuishia kihambani. Vihamba viligawanywa kati ya wana mpaka, katika miaka ya 1980, watafiti walipovipima, wastani wake ulikuwa hekta 0.68 tu, japo ndani yake waliorodhesha aina zaidi ya 100 za mimea. Kipande kama hicho hakimshibishi ng'ombe wa maziwa. Wanawake walipanda hadi ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kandokando ya msitu, au wakashuka tambarare kuleta mabua ya mahindi na nyasi kichwani. Kingo za vihamba zikapandwa majani ya Guatemala na matete. Shimbwe Juu, ambako mfumo huu ulitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo duniani, kazi ya mundu ingali ni ile ile. Na huko chini mafungu ya nyasi huuzwa kandokando ya barabara, hata jani ambalo bibi za Wachagga wa leo walilipata kwa kupalilia tu sasa lina bei.