Tiketi iliyookoa mfereji

Sisi sote tunajua kwamba njia isiyopitwa humezwa na majani. Njia ya maji nayo ni vivyo hivyo.

Katika nchi ya Uingereza, mwaka 1816, watu walimaliza kuchimba mfereji mpaka mji wa Stratford. Mashua zilichukua makaa ya mawe, zikashuka na kupanda kwa milango ya maji kama mtu katika ngazi. Kisha gari la moshi likafika. Mwaka 1856 kampuni ya reli ikaununua mfereji, nao polepole ukajaa matope.

Mwaka 1958 wakubwa wa jimbo waliomba ruhusa ya kuufunga. Walisema: kwa miaka mitatu haikupita mashua hata moja. Lakini kumbe! Kulikuwa na watu waliopita kwa mtumbwi, nao walikuwa wameitunza tiketi yao. Mwaka 1959 serikali ikakataa kuufunga.

Tiketi iliokoa mfereji, lakini haikuondoa matope. Kwa hiyo mwaka 1961 walikuja watu wa kujitolea, bila mshahara, na askari, hata na wafungwa wa gereza. Wote walishika koleo, wakajenga upya milango. Mwaka 1964 mama wa Malkia aliufungua kilometa zake 21.

Mfungwa na askari katika tope moja: nani angemtambua mkubwa? Na sisi, chemchemi ya kijiji chetu ikizibwa, tusingoje mshahara. Tushike majembe.