Kabla ya Bodaboda Kulikuwa na Daladala ya Pedeli: Historia ya Gia Njia Panda ya Tinde

Ukitokea Nzega, Tinde ndipo lami inapochana. Kulia unaenda Shinyanga mjini na Mwanza, kushoto unaenda Isaka, Kahama na kuendelea mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda. Malori ya transiti, mabasi, ng'ombe, mama na ndoo ya nyanya, wote wanakutana hapo. Na katikati yao yupo mtu wa bodaboda, abiria mgongoni, anatakiwa apunguze mwendo sasa hivi.

Hapo ndipo unamjua dereva na unamjua mwendeshaji tu.

Turudi nyuma kidogo. Shinyanga ilikuwa na usafiri wake kabla pikipiki hazijajaa: baiskeli za abiria, ambazo watu waliziita daladala. Kiti cha sponji nyuma, jamaa anakanyaga, mambo yanaenda. Baiskeli ile haikuwa na gia za kubadilisha. Ukichoka unaacha kukanyaga, inaserereka yenyewe bure. Mtelemko ulikuwa zawadi.

Upande wa magharibi dhahabu ikawa inaita. Mgodi wa Geita ukafunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi ya Kahama 2009. Pesa ikawa na haraka, na pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zikaingia kwa fujo. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni ya usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Biashara ikawa rasmi.

Shule ya udereva je? Wengi walifundishwa kijiweni: hii klachi, hii breki, hii gia, twende. Leseni daraja A ikaja baadaye, wengine mpaka leo bado.

Matokeo yake unayaona barabarani. Jamaa akiona mtelemko anatia nyutro, wengine wanazima injini kabisa, eti wanaokoa mafuta ili hesabu ya bosi itimie. Ni akili ileile ya baiskeli. Tatizo ni kwamba ukiwa nyutro injini haikushikii tena, kazi yote inabaki kwa breki. Na ng'ombe akikatiza, huna gia ya kukutoa pale.

Kosa la pili ni kushusha gia kwa pupa. Kutoka ya nne unapigilia ya pili, klachi unaiachia ghafla. Tairi la nyuma linalazimishwa kuizungusha injini kwa kasi ambayo haikuwa tayari. Cheni inachapa, abiria anakugonga kisogoni, na kama mvua imenyesha, chini ni ule udongo mweusi wa mbuga, tairi linateleza. Ukiwa umebeba mshikaki ndio usiseme.

Wanaojua wanafanya hivi: wanaachia mafuta, wanagusa breki zote mbili, wanabana klachi, wanashusha gia moja tu, wanapiga resi kidogo, kisha wanaachia klachi taratibu. Ile resi ndogo inaipandisha injini ikutane na mwendo wa tairi. Halafu gia inayofuata, hivyohivyo. Abiria hasikii kitu, anaendelea kuchati.

Na kuna mtego mwingine ambao una historia ndefu. Pikipiki za zamani zilibadilishwa gia kwa mkono, pembeni ya tangi. Mwaka 1928 Mwingereza Harold Willis wa Velocette akaleta gia ya mguu inayokwenda hatua moja kila ukigusa, kisha kanyagio linarudi mahali pake. Lakini kila kampuni ikaendelea na mpangilio wake, za Uingereza nyingi gia zikiwa mguu wa kulia. Marekani ndiyo ikaja kulazimisha gia iwe kushoto kwa pikipiki zilizotengenezwa kuanzia Septemba 1974.

Mguu ukakubaliana, mpangilio haukukubaliana. Pikipiki nyingi za biashara huku gia zote zinakanyagwa mbele, unarudi kwa kisigino. Nyingine ya kwanza iko chini, zilizobaki unanyanyua juu. Maana yake mkanyago uleule unapandisha gia kwenye chombo kimoja na kushusha kwenye kingine. Kijana aliyezoea ya kwake, akiazima ya mwenzake usiku kuwahi abiria wa Kahama, anataka kuongeza gia, kumbe anashusha akiwa mwendo wa themanini.

Ndiyo maana wakongwe wa kijiwe hawaazimi chombo bila kuuliza kwanza: "Gia zake zikoje?" Swali la sekunde mbili.

Kwa hiyo siku ukipanda boda, usiangalie rangi ya pikipiki wala sauti ya muziki. Sikiliza anavyokaribia tuta. Injini ikishuka kwa hatua, taratibu, kaa kwa amani. Ikikaa kimya kabisa huku mnaserereka, mwambie mapema: "Kaka, rudisha gia."