Nilikabwa na Nani? Ushuhuda wa Popobawa Mbele ya Mwanahistoria



Kiswahili kina namna ya kueleza tendo pasipo kumtaja mtendaji. Mtu husema "nilipigwa", "nilikabwa", "nililemewa", na sentensi ikawa imekamilika. Akitaka kumtaja mtendaji huongeza kineno kidogo, "na", kisha jina. Wanafunzi wa sarufi hukutana na jambo hili mapema katika somo la kauli ya kutendwa, nao hulipita haraka. Leo ninawaomba tusilipite haraka, kwa kuwa ninakusudia kuonyesha kwamba katika ushuhuda wa mambo yasiyo ya kawaida, mpaka baina ya kile kilichompata mtu na kile alichokidhania umekaa papo hapo, kwenye kineno "na". Mfano wangu ni Popobawa.

Hofu ya Popobawa iliyo maarufu kuliko zote ni ya mwaka 1995. Ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, na baadaye ikafika Dar es Salaam. Mwezi wa Ramadhani mwaka ule uliangukia Februari, na ndio wakati habari hizi zilipopamba moto. Jina lenyewe ni la kuungwa, popo na bawa. Walionena kwamba wamefikiwa walisimulia mambo yanayofanana sana. Mtu amelala, akazindukana. Akahisi kitu kizito kifuani. Akataka kupiga kelele, sauti isitoke. Akataka kujinasua, viungo visimtii. Baadhi yao, wanaume kwa wanawake, waliongeza kwamba walinajisiwa. Familia zikahamia nje, zikawasha moto na kulala kwa makundi, huku wengine wakikesha. Hofu hiyo ilirejea zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Mwaka 2007, kwa mfano, ilisikika tena Dar es Salaam.

Tuirudie sasa sentensi yetu. Mtu anaposema "nilikabwa", mimi sina sababu ya kumkanusha. Hali anayoieleza inajulikana vyema kwa waganga wa maradhi ya usingizi. Katika awamu ya usingizi ambamo ndoto huwa nyingi, mwili huzuiwa usitende yale yanayoonwa ndotoni. Misuli hulegea, ila ile ya macho na ya kupumulia. Pengine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu huwa macho, anakitambua chumba chake, ila hawezi kunyanyua hata kidole; pumzi humwia nzito, na mara nyingi huhisi kwamba yupo mwingine chumbani. Hali hii huwapata zaidi waliolala chali na wale ambao usingizi wao umekatwakatwa. Mwaka 2011 watafiti Brian Sharpless na Jacques Barber walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, wakakuta kwamba kiasi cha asilimia 8 ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa nayo walau mara moja, na kwa wanafunzi ni asilimia 28. Wanafunzi mlio nyuma ya ukumbi mnaweza kuhesabiana.

Waswahili hawakungoja maabara kuligundua jambo hili. Tunalo neno "jinamizi", na lipo katika kamusi zetu za zamani. Wapo wanaolihusisha na kitenzi "kuinama", kana kwamba kuna kitu kimemwinamia aliyelala. Na sikio lisilo la mwanaisimu husikia ndani yake neno "jini". Kule Newfoundland, nchini Kanada, David Hufford alichapa kitabu mwaka 1982 juu ya watu waliosimulia tukio lile lile, lakini wao walisema wamekaliwa na bibi kizee. Wajapani huita hali hiyo "kanashibari", yaani kufungwa kana kwamba kwa chuma. Kifua ni kile kile, uzito ni ule ule, ila kila kinachofuata "na" hubadilika kwa kufuata bandari ambayo msimulizi amezaliwa.

Hapa niongeze dhana yangu, nayo ichukuliwe kuwa dhana. Mwezi wa Ramadhani watu huchelewa kulala na huamka kula daku. Usingizi hukatika. Kisha hofu ilipoingia, dawa iliyotumiwa ilikuwa kukesha au kulala nje kwa mang'amung'amu, jambo ambalo hukata usingizi zaidi. Ikiwa ndivyo, basi kinga yenyewe ilikuwa ikizalisha wagonjwa wapya. Aidha, ilisemwa kwamba Popobawa humwamuru aliyemfikia awatangazie wenziwe, la sivyo atamrudia. Sijui tangazo lililobuniwa kwa ufundi kuliko hilo. Katika mambo mengine ya aibu watu hunyamaza. Hapa kunyamaza ndiko kulikokuwa hatari.

Sababu ya pili ya kutia shaka ni kwamba mtendaji alibadilika hata ndani ya visiwa hivyo hivyo, katika miezi ile ile. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyekuwapo Zanzibar wakati huo, ameandika kwa kirefu jinsi maelezo yalivyogeuka. Kwa wengine Popobawa alikuwa jini aliyefugwa na mtu kwa ajili ya kisasi, kisha akamshinda mfugaji wake. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi ulipokaribia, Oktoba 1995, wengi walianza kuliona jambo hilo kwa jicho la siasa, hasa Pemba ambako upinzani ulikuwa na nguvu. Ikasemwa kwamba kiumbe huyo ametumwa na walio madarakani. Wakati huo pia kulisimuliwa habari za Popobawa wa mwaka 1965, muda mfupi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Zingatieni kwamba maelezo ya shambulio lenyewe hayakubadilika. Kama mtu aliyekabwa angekuwa amemwona mkabaji, mkabaji huyo asingegeuka kutoka jini hadi chombo cha serikali kwa sababu tu kalenda ya uchaguzi imesogea. Aliyebadilika ni yule aliyetiwa baada ya "na", na alitiwa asubuhi, barazani, katika mazungumzo.

Nitaambiwa: lakini walioshuhudia walikuwa wengi. Hoja hii ina uzito, na wanazuoni wa pwani yetu waliijua kabla ya vyuo vikuu vyetu kujengwa. Katika elimu ya hadithi ipo habari ya mutawatiri, iliyopokewa na watu wengi mno kiasi kwamba haiyumkiniki wawe wameafikiana juu ya uongo. Ila wanazuoni hawakutosheka na wingi. Waliweka sharti kwamba mwanzo wa habari uwe ni jambo lililotambuliwa kwa hisi, lililoonwa au kusikiwa, si jambo lililofikiwa kwa kudhani. Watu elfu wanaweza kutoa habari ya kweli kwamba walihisi uzito kifuani. Watu elfu hao hao wakisema uzito huo ulikuwa jini, wametoka katika habari na kuingia katika rai, na wingi wao hauongezi kitu. Zaidi ya hayo, hawakuwa mashahidi waliotengana. Kila mmoja alikwenda kulala akiwa ameshasikia habari ya mwenziwe.

Yupo mwanazuoni mmoja ambaye sioni namna ya kumwacha. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alihesabu sababu zinazowapotosha wapokeaji wa habari: ushabiki, kuwaamini mno wasimulizi, na zaidi ya yote kutojua tabia ya mambo yalivyo. Mfano wake mmoja anautoa kwa al-Masudi, aliyesimulia kwamba Iskandar alishuka baharini ndani ya sanduku akawachora mashetani wa bahari waliomzuia kujenga Iskandaria. Ibn Khaldun hakuuliza kwanza kama msimulizi ni mwaminifu. Aliuliza kama mtu aliyefungiwa sandukuni chini ya maji angepata hewa ya kuvuta. Al-Masudi huyo ndiye aliyefika pwani yetu mnamo mwaka 916, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi hukidhania kuwa Pemba. Alikuwa msafiri hodari na mwandishi wa kutegemewa kwa mengi. Ukweli wa msimulizi katika bei ya pembe za ndovu hauwezi kukopeshwa kwa habari ya mashetani wa bahari.

Kuna jambo la lugha ambalo wanaisimu waliopo watalipima kuliko mimi. Nikitazama masimulizi ya Popobawa jinsi yalivyonukuliwa, naona yanahama kati ya namna mbili za kitenzi. Anayesimulia lililompata hutumia "-li-": nililala, niliamka, nilishindwa kusema. Likija suala la Popobawa ni nani, kitenzi hugeuka kuwa "hu-": huja usiku, hugeuka paka, hupenda nyumba fulani. Umbo la "hu-" halina kiambishi cha nafsi wala halifungwi na siku. Huwezi kuliuliza "lini?" Mshahidi anapohama kutoka "-li-" kwenda "hu-" ameacha kutoa ushahidi na ameanza kufundisha, mara nyingi bila kujua. Lugha yetu ina pia "eti" na "inasemekana", ambayo ni maneno ya uaminifu mkubwa. Kwa bahati mbaya ndiyo ya kwanza kuanguka habari inaponukuliwa gazetini.

Kumbukumbu nayo hailali. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliwasomesha Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu iliyokuwa na mizimu, kisha akawataka waikumbuke baada ya siku, wiki na miezi. Mitumbwi ikawa mashua, na mizimu ikafifia au ikatoweka kabisa. Waliifanya hadithi ifanane na ulimwengu wao. Sioni kwa nini aliyekulia mahali penye mizimu asifanye hivyo hivyo kwa upande wa pili.

Wapo watakaohisi kwamba nimekanusha kuwapo kwa majini, ambao wametajwa katika Kurani. Sikufanya hivyo. Kadhi anayeamini kwamba wezi wapo bado hudai ushahidi kwamba huyu aliyeletwa mbele yake ameiba.

Nibaki kidogo kwa wenzangu wa taaluma, maana wao ndio wapinzani wangu wagumu zaidi. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya habari za wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, zikiwamo zile za wazimamoto na mumiani, alionyesha kwamba uvumi ni chanzo cha historia hata pale usipokuwa wa kweli. Unatufunza jinsi watu walivyouona ukoloni. Neno "mumiani" lenyewe ni ushahidi mzuri: lilikuwa dawa nyeusi iliyoletwa kutoka Uajemi, likawa damu ya watu iliyokaushwa, kisha likawa jina la anayeinyonya. Katrina Daly Thompson naye, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ametuonya kwamba mazungumzo ya Popobawa yana utani, mafumbo na mjadala wa mambo ambayo adabu huyafunika, na kwamba wageni waliyasoma kama imani tupu. Ninakubali yote mawili. Anayekuja na jibu la usingizi peke yake, akadhani amemaliza, hajaisikia baraza.

Lakini sikubali kwamba swali la kweli au si kweli liwekwe kando. Mwaka 1995 mjini Unguja umati ulimuua kijana mmoja, mgonjwa wa akili, aliyekuwa amefika kwa matibabu. Walimdhania kuwa ndiye Popobawa. Kwa waliomuua, hilo halikuwa fumbo wala njia ya kuizungumzia dola. Usiku kwa usiku mji mzima ulikuwa umesema "tunakabwa", na sentensi ikawa inangoja jina. Kijana yule alikuwa mgeni, mwenendo wake haukufanana na wa wengine, na hapakuwa na jamaa wa karibu wa kusema huyu ni mwanetu, anaumwa. Akatiwa yeye baada ya "na". Kati ya wote waliokuwapo, hakuna aliyekuwa na haja ya kusema uongo. Wengi wao, nadhani, walikuwa na usiku wao wa kweli wa kusimulia, wenye uzito wa kweli kifuani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kitu gani hasa alichokiona kwa macho.