Njia ya kwenda India

Shuleni kwetu Bariadi, mpira wa miguu ulikuwa wa wavulana. Sisi wasichana tulicheza netiboli, au tulikaa pembeni ya uwanja tukiwashikia nguo. Ndiyo maana naisoma historia ya kocha Bakari Shime kama habari inayonihusu.

Mwaka 2017 nchini Gabon, Serengeti Boys yake ilihitaji sare tu katika mechi ya mwisho ya kundi ili iingie nusu fainali ya AFCON ya vijana chini ya miaka 17 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, India. Niger wakashinda 1-0. Safari ikaishia hapo.

India aliifikia mwaka 2022, akiwa na wasichana. Serengeti Girls walifungwa na Japani 4-0. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, kisha wakatoka sare na Kanada 1-1, na kutolewa na Kolombia robo fainali. Ndiyo timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA.

Mbuga iliyowapa jina imepakana na Simiyu yetu. Wao hawakumshikia mtu nguo.