Uwanda wa malisho wa Simanjiro

Uwanda wa malisho wa Simanjiro ni eneo tambarare la nyasi fupi katika Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Uko mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na wakazi wake wengi ni wafugaji Wamasai.

Wanyamapori na mifugo

Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia hukaa hifadhini karibu na maji ya Mto Tarangire. Mvua zikianza huhamia Simanjiro, ambako nyasi zina fosforasi nyingi zaidi, madini yanayohitajiwa sana na majike wanaonyonyesha. Kwa hiyo hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970, inategemea malisho yaliyo kwenye ardhi ya vijiji.

Ujirani huu una gharama kwa mfugaji. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyowadhuru wao, lakini ng'ombe akiambukizwa kwa kawaida hufa, na tiba hakuna. Wafugaji huondoa ng'ombe wao uwandani nyumbu wanapozaa na kurudi miezi michache baadaye. Maana yake ni kwamba nyasi bora za mwaka huliwa kwanza na wanyama wa porini. Wamasai pia wana desturi ya alalili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu.

Kilimo na hofu ya kupoteza ardhi

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 mashamba makubwa ya maharage na mahindi yaliongezeka. Baadhi ya Wamasai nao walilima, na si kwa ajili ya chakula tu: waliogopa kwamba ardhi isiyolimwa ingehesabiwa kuwa tupu, ikapewa wageni au kuunganishwa na hifadhi. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wanaowalaumu.

Makubaliano ya vijiji

Katika miaka ya 2000 kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya uwanda isilimwe, ufugaji uendelee, na kampuni zilipe kijiji fedha kila mwaka. Udhaifu wake ni kwamba malipo huingia katika mfuko wa kijiji, ilhali mavuno ya shamba ni ya aliyelima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu pia hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa kundi la watu, na vijiji kadhaa vya wafugaji kaskazini mwa Tanzania vimeitumia kulinda malisho ya pamoja.