Lengo la wasilisho

Lengo la wasilisho ni badiliko ambalo mtoa mada anakusudia litokee kwa wasikilizaji wake: wajue jambo, wakubali hoja au wachukue hatua. Katika biashara hupangwa kabla ya kuandaa slaidi, na huandikwa kwa sentensi moja inayotaja mhusika, tendo na muda. Kwa mfano, "kamati iidhinishe mkopo wa shilingi milioni 50 katika kikao cha leo", si "kuieleza kamati kuhusu mradi".

Msingi wake ni wa kale. Katika karne ya 4 KK, Aristotle aligawa hotuba kwa kufuata msikilizaji: anayeamua yaliyopita, anayeamua yajayo, na mtazamaji. Nchini Marekani, Alan H. Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue alitunga katika miaka ya 1930 mfuatano wa hatua tano: kuvuta usikivu, kuonyesha hitaji, kutoa suluhisho, kuchora picha ya matokeo na kuhimiza utekelezaji.

Lengo ndilo huamua takwimu zitakazotumika, mambo ya kuachwa na ombi la kuhitimishia. Vilevile ni kipimo cha tathmini, kwani uamuzi uliofikiwa hulinganishwa na ule uliokusudiwa.