WALIVYOTOBOA CHASISI KUTAFUTA SEKUNDE

Wadau, leo siasa zipumzike. Kuna picha moja nimekuwa nikiirudia: chasisi ya Pontiac Catalina ya mwaka 1963, ina matundu makubwa utadhani imeliwa na mchwa. Kumbe matundu yale yametobolewa na kiwanda chenyewe! Magari hayo yalikuwa 14 tu, na Wamarekani wakayabatiza jina la jibini ya Uswisi, ile yenye mashimo.

Mtu mwenye akili timamu anatoboaje chasisi ya gari jipya? Jibu lipo kwenye mbio za dragi. Magari mawili yanapangwa sambamba, yanaruhusiwa, yanachomoka mita 402 kwenye njia iliyonyooka, basi. Hakuna kona wala mlima. Kazi yote ni kuondoka pale uliposimama, na aliyewahi kuendesha baiskeli akiwa na gunia la mkaa nyuma anajua ugumu uko wapi.

Mafundi wana hesabu yao ya kukadiria: toa kilo 45, utapunguza kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usicheke. Gari linalovuka mstari kwa kilomita 190 kwa saa linakwenda mita 5 katika muda huo, yaani urefu wa gari zima.

Hilo wenyewe walilijua toka 1950, mbio zilipoanza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, California. Dick Kraft alivua bodi yote ya gari lake kuukuu, likabaki injini, magurudumu, chasisi na kiti. Viwanda vilikuja baadaye, na pesa zao.

Januari 1963 General Motors, wenye Pontiac, waliamuru kampuni zao zote zijitoe kwenye mashindano. Ford hawakujitoa. Mwaka 1964 wakaunda Thunderbolt, kama magari 100 hivi, kwa kuipachika injini ya lita 7 kwenye gari la kawaida la familia, Fairlane. Boneti ikawa ya faibaglasi, vioo vya pembeni na nyuma vya plastiki. Wakang'oa redio, zulia, kipasha joto, jeki, spana ya magurudumu, hata wipa ya upande wa abiria. (Abiria na ashike dua mvua ikinyesha.)

Sasa sikilizeni kituko. Baada ya kubana hivyo, wakachukua betri kubwa na nzito wakaiweka kwenye buti! Si kichaa hicho. Gari linasukumwa na matairi ya nyuma, na tairi lisilokandamizwa linazunguka bure na kuchoma mpira. Kwa hiyo uzito wa mbele ulikuwa adui, wa nyuma rafiki. Chrysler walifika mbali zaidi: mwaka 1965 waliyasogeza magurudumu yenyewe mbele ili mzigo uegemee nyuma, na bodi wakazichovya kwenye asidi bati liwe jembamba.

Kwenye magari marefu membamba, mzigo wa nyuma ulikuwa dereva mwenyewe. Aliketi nyuma ya ekseli, injini mbele yake, giaboksi katikati ya miguu. Machi 1970, kule Lions, California, giaboksi ya Don Garlits ililipuka. Gari likakatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Akiwa anauguza jeraha alichora gari lenye injini nyuma ya dereva, na mwaka 1971 akaanza kushinda nalo. Wenzake wakamfuata upesi.

Siku hizi madaraja mengi ya NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, yana uzito wa chini unaoruhusiwa, dereva akihesabiwa. Gari likipungua, mafundi hulifungia vyuma kufidia. Na ukishinda husherehekei kwanza: gari linapelekwa kwenye mizani, wewe ukiwa ndani.